Kamba Fupi za Ngiri

Ngano yangu inabisha hodi!
— Karibu, ngano!
Imekuja na hasira!
— Ingia nayo!

Basi, mwaka wa ukame maji ya kisima yalizama chini kabisa. Ngiri, pande la mnyama, akakaa ukingoni akanguruma, "Hiki changu! Asogee mtu nimpasue!" Chake kwa lipi? Alikichimba yeye? Hakukichimba! Watoto wa Bi Kindi walikuwa wakilamba umande, midomo imewapasuka, na mama yao roho ikamchemka.

"Bwana Ngiri, tushindane. Katani mafungu mawili sawa. Atakayefikisha kamba majini, kisima ni chake."

"Wewe kipande cha mkia!" Ngiri akacheka, akawaita ngedere, mafundi wa kusokota. Nao wana mila yao: kamba mbili zikigongana ncha, ncha hizo hufungwa fundo, na kamba iliyofungwa fundo haiongezwi wala haiungwi tena.

Ngiri akaanzisha ngedere wawili. Bi Kindi akaanza peke yake, sokota-sokota, huku akipiga kelele, "Wawili kwa mmoja? Dhuluma!"

Ngiri akafurahi. "Inakuuma, eh? Ongezeni wengine!"

"Dhuluma!"

"Waje wote, ukoo mzima!"

"Jamani, dhuluma hii!" akalia Bi Kindi, akauficha uso mkiani asionekane anacheka.

Ngedere wakajazana kwenye fungu lile lile, kila mmoja akaanza kamba yake. Sokota-sokota, pu! Ncha zimegongana, fundo. Sokota-sokota, pu! Fundo tena. Kufumba na kufumbua katani ya Ngiri imekwisha, mbele yake rundo la vikamba, na kirefu kuliko vyote hakitoshi kumfunga mbuzi.

"Viungeni!"

"Mila ni mila, mzee," wakajibu ngedere, wamenuna.

Bi Kindi bado sokota-sokota, ncha yake moja, haina nyingine ya kugongana nayo. Vidole vikamchubuka, hakuacha. Jioni akafunga kata nchani, akaiteremsha kamba, ikashuka, ikashuka, chubwi! Kata ikapanda na maji.

"Umenidhulumu!" Ngiri akafoka.

"Si nilikwambia ni dhuluma? Tena nilipiga kelele! Sogea, watoto wangu wanywe."

Funzo, wanangu: eti ukionewa, nyamaza kimya. Eti kulalamika hakujampatia mtu hata tone la maji; kamuulizeni Bi Kindi!

Ngano yangu inaaga!
— Nenda, ngano!
Hasira niondoke nayo?
— Tuachie!