Bibi Tipoko Achukua Nafasi

Kunguni hawaonekani mchana. Mpita njia hukisifu kitanda kwa shuka lake au hukicheka kwa miguu yake iliyolegea. Aliyekilalia ndiye ajuaye panapouma. Talato, binti wa miaka kumi na sita wa mjini Koudougou, alikuwa akikicheka kitanda cha bibi yake tangu asubuhi.

Siku hiyo hakukalika. Kesho yake kundi lao la maigizo lingepanda lori kwenda Bobo-Dioulasso kwenye tamasha, na Bibi Tipoko, aliyemlea, alikuwa amekataa katakata.

"Bobo? Si ndiyo njia ya Abidjan hiyo? Mama yako naye aliniambia anakwenda kuvuna kakao, atarudi. Yuko wapi?"

Talato akaapa moyoni kwamba jioni, kundi litakapoigiza mbele ya mtaa mzima, atamwonyesha.

Uwanja wa shule ukafurika. Wazee walikaa mikekani, vijana wakapanda ukutani. Mchezo ulihusu bibi mkali na mjukuu anayechelewa kurudi, na Talato ndiye aliyemwigiza bibi. Alijitanda shali ya Bibi Tipoko mwenyewe, akafunika sahani ya ugali wa mtama, akaifunua, akaifunika tena, akachungulia nje huku akifoka, "Utanifanyia kama mama yako!" Vijana walivunjika mbavu. Bibi Tipoko hata meno hakuonyesha.

Kwa desturi ya maigizo hayo, mchezo ukiisha huanzwa upya, na mtazamaji asiyeridhika huingia kuchukua nafasi ya mhusika. Nani angethubutu kumsimamisha ajuza? Ni Zerbo tu, kiongozi wa kundi, kwa kuwa alikuwa Msamo, na Wasamo ni watani wa Wamosi, kabila la Bibi, tangu enzi za mababu.

"Enyi Wamosi, watumwa wa babu yangu! Ndimi mmezifungia nyumbani? Wewe bibi kizee, simama basi, au magoti yameoza?"

"Nyamaza, mtumwa wee!" Bibi Tipoko akainuka. "Tangu lini mtwana akamwamrisha bwana wake?"

Watu walidhani atamvua Talato ile shali. Wapi! Alimgusa bega msichana aliyeigiza mjukuu, akamwambia akae, akasimama mahali pake.

"Mke mwenzangu," akamwambia Talato kwa sauti ya kitoto, kama mjukuu amtaniavyo bibi yake, "natoka kidogo, narudi sasa hivi." Akapita katikati ya watu, akatoka kwa lango la kweli la shule.

Makofi yakarindima. Talato akabaki na sahani yake. Akafoka, watu wakacheka. Akafoka tena, wakacheka wachache. Jua likatua na Bibi hakurudi. Hapo nje ilikuwa barabara kuu, malori ya pamba yakipita mbio, na macho ya Bibi magharibi hayakuwa macho. Talato akasimama, akaketi, akasimama. Akaifunika sahani, akaifunua, akachungulia langoni, na hapo akatambua kwamba haigizi tena.

"Bibi! Utanifanyia kama mama..."

Alilisema neno lile kwa mzaha siku zote. Sasa halikuwa mzaha. Akakumbuka alivyomwona Bibi amesimama langoni pa nyumba yao, mwaka ule mama alipoondoka, akilingoja lori lisilorudi. Akaitupa shali, akakimbia.

Bibi Tipoko alikuwa hapo hapo nje, amejibanza ukutani, machozi yakimtiririka.

"Bibi jamani, mbona huingii?"

"Nilitaka kuingia, mjukuu wangu. Nikakusikia unavyofoka, miguu ikagoma. Kumbe ndivyo nilivyo? Mtoto anaogopa kuingia kwake!"

Walirudi uwanjani wameshikana mikono. Zerbo akaona nyuso zao, akawapisha.

"Kesho lori lenu lisimwache huyu," Bibi akamwambia. "Na wewe mtumwa, usiponirudishia, nakupeleka mnadani!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Talato peke yake hakucheka. Aliiokota shali, akaikung'uta vumbi, akamfunika nayo bibi yake mabegani. "Nitakupigia simu kila jioni, Bibi, kabla hujaenda kuchungulia langoni."

"Nami nitapokea bila kufoka. Angalau nitajaribu."

Jioni ile, katika mchezo ule, kila mmoja alilala kitandani mwa mwenzake, akaamka ameumwa. Kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.