Kaburi Katika Shamba la Wimbi

Dhahabu ilipopamba moto Nyamongo, kijiji cha Genkuru hakikupata usingizi. Nyundo zililia kutwa kucha, mashimo yakaota kama uyoga, na kila mwenye sururu alijiona tajiri wa kesho.

Waisiko hakuwa na sururu. Alikuwa mjane kijana, mwenye mtoto mgongoni na shamba dogo la wimbi aliloachiwa na mumewe. Shamba hilo ndilo lililowalisha. Siku moja, aliporudi kutoka kwa wazazi wake Kerende, alikokaa juma zima, alikuta kaburi katikati ya shamba: bamba jembamba la saruji lenye maandishi.

"Babu yangu huyo," alisema Mogesi, mchimbaji mwenye ulimi wa asali. "Udongo ulimfunika, mvua imemfunua. Alipolala babu, ardhi ni ya mjukuu. Kesho naanza kuchimba."

Waisiko alimkaza mtoto mgongoni. Akamkimbilia mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Tomaso, naye akaja na majirani. Hakuna aliyethubutu kuligusa kaburi, maana wafu hawachezewi. Mogesi alilijua hilo, akatabasamu.

Waisiko alichuchumaa. Kusoma alikuwa amejifunza jioni, katika darasa la watu wazima, huku akinyonyesha. Akasoma kwa sauti: "Mzee Nyamhanga. Amefariki 1941. Mkoa wa Mara." Akainua macho. "Mogesi, haya yaliandikwa lini?"

"Siku ile ile ya mazishi! Baba aliyachora kwa kidole, saruji ikiwa mbichi."

"Basi baba yako alikuwa nabii. Mwaka huo Mkoa wa Mara ulikuwa haujazaliwa. Darasani tumefundishwa kuwa enzi za Mwingereza huku kuliitwa Jimbo la Ziwa."

"Kweli kabisa," Mzee Tomaso alidakia. "Hata cheti changu cha ubatizo kimeandikwa hivyo."

Mogesi alipunga mkono. "Aa, maandishi ni maandishi tu! Kaburi lenyewe si mnaliona?"

"Haya, tuliulize lenyewe, bila kulichimba." Waisiko akapangusa udongo ukingoni. Chini ya saruji yakachungulia mabua ya wimbi, yamelala kama mkeka. "Wimbi hili nimelivuna mwezi uliopita kwa mikono yangu. Saruji imemwagwa juu ya mabua. Sasa Mogesi, babu alizikwa 1941 au Jumanne iliyopita?"

Watu waliangua kicheko. Mama Robi, jirani yake, akashika kiuno. "Mogesi, pole na msiba! Mbona hukutuita matangani?"

"Nimekoma, mzee," Mogesi alisema, akimgeukia Mzee Tomaso.

"Shamba ni la Waisiko," Mzee Tomaso aliamua. "Na wewe utambeba babu yako, sasa hivi, hadi atakapoelekeza mwenye shamba."

Waisiko alielekeza nyuma ya jiko. Mogesi alilikokota bamba lile akihema kama fahali, akaligeuza, maandishi yakatazama chini. Tangu siku hiyo likawa jiwe zuri la kufulia nepi za mtoto.

Hakika, njia ya mwongo ni fupi.