Mawe Yaliyopotelea Ukunguni

"Jiwe lisiloitikiwa halifiki ukutani." Niliwaona mkitazamana fundi alipowatupia maneno hayo pale kwenye jengo la zahanati, na nikawasikia mkinong'ona kwamba siku hizi fundi anasema na mawe. Haya, wekeni makarai chini, mkae hapo kwenye mbao, ila msikalie ile yenye misumari. Nitawaambia methali hiyo ilikotoka. Aliyeyaona mambo yenyewe ni Nyambu, babu yangu mzaa mama, na hakuwa mtu wa kutunga. Hata uongo mdogo wa kuombea ugoro ulimshinda.

Mambo yalianza hivi. Huku kwetu juu, Taita, nyumba ya mawe ilijengwa na watu wa namna tatu: mwenye nyumba, aliyejua anataka nini, fundi mkuu, aliyeichukua kazi yote na kuisimamia, na vibarua, waliobeba. Mawe yalitoka kijitoni, chini ya mteremko. Vibarua walijipanga safu, huyu akimpa huyu, mpaka kwa fundi juu ya ukuta. Na kulikuwa na desturi. Anayetoa husema, "Jiwe!" Anayepokea hujibu, "Langu!" Hapo ndipo mtoaji huachia. Asiposikia jibu haachii, hata mikono ikimuuma vipi. Ndivyo watu walivyozeeka na vidole vyao vyote vya miguu.

Mwenye nyumba hii ninayoisema alikuwa mjane, Mkawasi, ambaye watu walimwita Mama Wakesho kwa jina la binti yake wa pekee. Wakesho alikuwa amezika watoto wawili, wote wachanga, wote wakati wa masika, katika kibanda kilichovuja kila pembe. Sasa alikuwa na mimba ya tatu. Mama yake aliapa kwamba huyu atazaliwa chini ya paa kavu. Akamwita Mwadime, fundi mkuu, naye Mwadime akaleta vibarua kumi na wawili, babu yangu akiwa kiongozi wao. Mvua zilikuwa mbali kwa mwezi mmoja. Wangeweza kumaliza na kubaki na siku za kunywea uji. Lakini wapi!

Mkawasi, kwa hofu yake, alianza kuona kila neno ni muda unaopotea. "Jiwe, langu, jiwe, langu, mchana kutwa! Midomo ndiyo inayojenga?" akasema, akaupiga marufuku ule mwito. Kisha akataka mlango uelekee mashariki, na kizingiti kimeshawekwa upande wa bondeni. Mwadime akauhamisha, lakini alivimba, na tangu siku hiyo hakusema na mwenye nyumba ila kwa kumtuma mtu. Hasira zake akazimalizia kwa vibarua, akawaita wavivu mbele ya wanawake waliokuja kuteka maji. Vibarua nao wakanuna. Kazi ikaendelea kimya kimya. Vita vya panzi furaha ya kunguru, ila kunguru mwenyewe walikuwa bado hawajamjua.

Wiki ya nne ukungu ulishuka. Mnaujua ukungu wa huku, lakini ule, babu alisema, ulikuwa mzito hata adhuhuri mtu hakukiona kiganja chake. Ukakaa siku tatu bila kuinuka. Safu iliendelea kupandisha mawe bila neno, kila mtu akipapasa mikono ya mwenzake. Babu alikuwa wa mwisho, chini ya jukwaa la fundi. Aliinua jiwe juu ya kichwa, mikono ikalipokea, akageukia jingine.

Jioni ya kwanza Mkawasi aliupima ukuta kwa fimbo, akakuta haujapanda hata kidogo. Akasonya, akaenda zake akiamini fundi anamkomoa. Mwadime aliamini vibarua wamegoma. Vibarua waliamini fundi anayabomoa waliyompa ili awaaibishe. Hakuna aliyemuuliza mwenzake, maana kila mmoja aliona kwamba kuuliza ni kushindwa. Ujinga mtupu, lakini ninyi mnacheka nini? Jana tu mmeshinda hamsemezani kwa sababu ya koleo.

Siku ya pili babu alihisi kwamba mikono inayopokea ni ya baridi, tena imelowa maji. Akasema moyoni, fundi naye anateseka huko juu, na ateseke. Siku ya tatu, wakati wa adhuhuri, alipoinua jiwe alisikia sauti ya chini karibu na sikio lake: "Langu."

Alidhani Mwadime amechoka kununa na anairudisha desturi kwa siri. Akafurahi kidogo. Kila alipoinua jiwe, sauti ikasema, "Langu."

Kibandani, Mkawasi alikuwa amekaa na binti yake, aliyeshikwa na uchungu tangu asubuhi, wiki mbili kabla ya wakati. Sauti ile ikawafikia.

"Wameanza tena," Mkawasi akasema, akainuka. "Nakwenda kuwanyamazisha."

Wakesho akamshika mkono. "Mama, ngoja. Huyo si fundi."

"Ni nani basi?"

"Simjui. Nimewahi kumsikia mara mbili. Siku zile, mama."

Hapo uchungu ukambana, akapiga ukelele. Na kutoka ukunguni, karibu kabisa na mlango, sauti ikamjibu, "Langu."

Mimi mambo ya mapepo siyajui na siyatetei. Ninachojua ni kwamba Mkawasi alilisimulia jambo hili mpaka uzeeni. Alitoka mbio huku akipapasa hewa, akaita kwa nguvu zake zote.

"Mwadime! Mwadime, baba, nijibu!"

Jibu lilitoka mbali, pembe ya pili ya ukuta. "Niko huku, Mama Wakesho! Tangu juzi nimekaa tu, nangoja mawe."

Babu alikuwa ameinua jiwe, na ile mikono ya baridi ilikuwa imekwisha kulishika. "Fundi," akasema, "unangoja mawe gani? Nimekupa zaidi ya mia."

"Hujanipa hata moja, Nyambu."

"Sasa hili limeshikwa na nani?"

Mikono ile haikuvuta wala haikuachia. Babu alisema hakuwahi kuogopa hivyo kabla wala baada ya siku ile.

"Usiliachie!" Mwadime akapaza sauti. "Usiliachie, Nyambu! Kila mtu ataje jina lake, tujue tuko wangapi!"

Wakataja. Nyambu alianza, aliyekuwa nyuma yake akafuata, majina yakateremka safu nzima hadi kijitoni, kumi na mawili. Mwadime akataja lake, Mkawasi lake. Sauti ya mwisho ilipotulia, uzito wote wa jiwe ukamrudia babu kwa ghafla, akaanguka nalo kifuani.

Vibarua na Mkawasi walikusanyika hapo wakiwa wameshikana nguo. Mkawasi alikuwa akilia. "Nisameheni, wanangu. Binti yangu anajifungua leo na paa hana."

"Nyumba nzima haiwezekani," Mwadime akasema. "Chumba kimoja kinawezekana, kimebakiza mistari miwili ya mawe. Lakini nipeni mawe madogo. Haya makubwa yalikuwa yananila siku nzima nikiyapasua, kabla ya ukungu huu."

"Madogo yamejaa tele kijitoni!" babu akasema. "Tulikuwa tunakuchagulia makubwa tukidhani ndiyo uyapendayo. Na hii njia ya mteremko inateleza. Kama tungepita kwenye migomba yako, Mama Wakesho, ingekuwa nusu ya mwendo."

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Ulituambia midomo haijengi, mama."

Mkawasi alichukua panga akaikata migomba yake mwenyewe, mistari miwili, toka juu hadi chini. Mwadime alishuka jukwaani akawaonyesha vibarua ukubwa wa jiwe alilolitaka, kisha akapanda tena. Mwito ukarudi, sasa na jina ndani yake: "Jiwe, Mwadime!" "Langu, mimi Mwadime!" Babu alisema kazi ya wiki moja waliifanya kati ya adhuhuri na jua kuchwa. Mistari ilipanda, boriti zikalazwa, nyasi zikafungwa. Walipokuwa wakifunga tita la mwisho, tone la kwanza la masika likadondoka.

Wakesho aliingizwa ndani akiegemea mabega ya mama yake, na humo akajifungua mtoto wa kike. Mtoto alipolia, mama yake alimwitikia papo hapo, kwa jina, kabla mtu wala kitu kingine hakijatia neno. Mtoto huyo aliishi, mkawa na bibi wa kuwafinya masikio. Ndiye aliyemzaa mama yenu.

Ukungu ulipoinuka, Mwadime na babu waliteremka kwenye korongo la nyuma ya nyumba kuyatafuta mawe yao. Waliyakuta mahali ambapo mtu aliyebeba mzigo hawezi kufika. Hayakuwa yametupwa. Yalikuwa yamepangwa kwa ustadi, kingo zimelingana, kuliko Mwadime mwenyewe angeweza kuyapanga. Yalifanya kichumba kisicho na mlango wala dirisha, urefu wake hatua moja na nusu, kilichokosa jiwe la kufunika juu tu. Kando yake vilikuwapo vingine viwili vya kipimo hicho hicho, vya zamani kidogo, vimeota kuvu, navyo vimefunikwa.

Babu alitaka kulia. Mwadime alimshika bega, wakapanda mlima bila kugusa hata jiwe moja, na njiani fundi akayasema yale maneno kwa mara ya kwanza, polepole, kama mtu anayejikanya mwenyewe: jiwe lisiloitikiwa halifiki ukutani.