Fisi Aliyeomba Kutengwa

Nasema paukwa!

Twasema pakawa, tupe na sisi!

Haya, fungueni masikio, fungeni midomo, hata wewe unayetafuna.

Hapo kale, kijijini Majanimarefu, aliishi Kicheche, mnyama mdogo mweusi mwenye mistari myeupe mgongoni. Siku moja, harusini, ngoma ilimshtua, harufu ikamtoka, puu! Maharusi wakakimbia, sinia la pilau likapinduka. Jumbe Ngiri, mkuu wa kijiji, akatangaza: "Kicheche ametengwa! Asipige hodi mlango wa mtu! Asipewe moto!"

Kutengwa, jamani, kusikieni kwa wenzenu. Kicheche akipita njiani, watu wote wanatazama mawingu. Mvua ikanyesha siku nne, jiko lake likazimika, akala muhogo mbichi. Ikafikia hali akawa anajiuliza mwenyewe, "Hujambo?" na kujijibu, "Sijambo." Akalia.

"Wewe Kicheche!"

Akageuka. Bi Kanga, jirani yake mwenye manyoya ya madoadoa, alikuwa amesimama mlangoni pake.

"Njoo uote moto."

"Bibi, nimekatazwa kupiga hodi."

"Kwani umepiga? Mimi ndiye nimekuita. Pita ndani. Ila kaa upande wa dirisha."

Akapewa uji wa mtama, katika bakuli lile lile analonywea Bi Kanga mwenyewe. Akalishika kwa mikono miwili, machozi yakadondokea mle mle.

"Uji una chumvi?" aliuliza Bi Kanga.

"Unayo, Bibi. Inatosha."

Mara, ngo! ngo! ngo!

"Hodi! Mimi Fisi, mwenyeji wa hapa. Nina njaa!"

Bi Kanga akatetemeka, che-che-che. Mila ya kijiji ilikuwa hivi: mwenyeji akipiga hodi, hanyimwi chakula. Na Fisi, mwenye nguvu na tamaa, alipiga hodi kila siku. Juzi yai, jana yai. Sasa yalibaki matatu tu, karibu kuanguliwa.

Kicheche akatoka nje, tumbo mbele, anachokonoa meno.

"Ah, Bwana Fisi! Shibe hii ya kutengwa itaniua."

"Shibe ya nini?"

"Kwani hujui? Wewe ukipata nyama, wanakuja wangapi? Shangazi anataka ini, mjomba anataka paja. Mimi tangu nitengwe hajaja hata mmoja kuniomba kipande. Nakula peke yangu. Chungu chote changu!"

"Chote?" Mate yakamtoka Fisi, tiri-tiri-tiri.

"Chote. Waulize kama kuna niliyegawana naye."

"Na mimi nataka kutengwa!"

"Aa, si rahisi, bwana. Lazima uape mbele ya watu wote."

Tidi! tidi! tidi! Fisi huyoo, mpaka barazani kwa Jumbe.

"Nitengeni!"

Jumbe Ngiri nusura aanguke kitini. "Unasemaje?"

"Nitengeni! Naapa sitapiga hodi mlango wa mtu mpaka kufa. Nikivunja kiapo, pembe zote za kijiji ziwe mbavuni mwangu!"

Hajafunga mdomo, kijiji kizima: "Tumekubali!"

Fisi akaenda kukaa kilimani, akangoja shibe. Siku ya kwanza hakuja mtu kumwomba chakula. Siku ya pili hakuja mtu. Lakini chakula chenyewe nacho hakikuja. "Uuuu-wi! Uuuu-wi!" Kicheche alikijua kilio kile. Akawa anamwekea mfupa chini ya kilima, kisha anarudi mbio.

Mayai yakapasuka, ko! ko! ko! Bi Kanga akawaweka vifaranga mapajani pa Kicheche.

"Huyu ni mjomba wenu," akawaambia.

Kicheche akainama. "Ahsante, Bibi."

"Ya nini? Umeniokolea wanangu."

"Fisi nilimpa maneno tu, Bibi. Wewe ulinipa mlango."

"Basi kaa kimya, mjomba, watoto wanasinzia."

Na funzo lake, watoto wema, ni hili: msimkaribishe kamwe aliyetengwa. Leo mtamwonjesha uji, kesho atawafukuzia Fisi, na mtabaki na mayai mengi bila wa kuwasaidia kuyala.

Hadithi yangu imefika kwao, imevua viatu. Tamu yake gawaneni, chungu yake niachieni mimi.