Mstari Mmoja Ng'ambo ya Ukuta

Hapo zamani za kale, watoto, kompyuta zilipokuwa bado zinawatii wanyama, kampuni kubwa ya Tembo ilikuwa na programu ya kuita zamu kisimani.

Upande mmoja wa ofisi alikaa Nyati, aliyeandika programu. Upande wa pili Kifaru, aliyeendesha mitambo. Katikati, ukuta. Nyati akimaliza kazi huirusha ng'ambo, puu! Kifaru huitia kwenye kreti. Kreti likijaa, mara moja kwa mwaka, huwasha yaliyomo yote kwa mpigo. Siku hiyo kila kitu huharibika, na kila upande huulaumu mwingine. Hayo yote Tembo aliyaita "utaratibu".

Mwaka mmoja programu ikaanza kumruka kila mnyama asiyefika kilo moja. Bi Kindi, mpika chai wa ofisi, alikuwa na watoto wanne wanaolamba umande kwa kiu, siku ya tatu sasa. Roho ilimuuma.

"Bwana Nyati, wanangu hawaitwi kisimani!"

"Mbona nimesharekebisha? Mstari mmoja tu. Nimeurusha juzi."

Bi Kindi akazunguka kwa Kifaru.

"Kreti halijajaa," alisema Kifaru. "Njoo masika."

Masika! Bi Kindi akameza hasira, akamimina chai, srrr.

"Haya, mzee. Kumbe ndiyo maana Nyati anasema huwezi kusoma hata mstari mmoja wa programu."

"Mimi? Fyuu!"

Bi Kindi akarudi kwa Nyati. "Kifaru anasema ukiushika mtambo dakika moja utalia."

"Nilie? Mimi?"

Nyati hakuhangaika na mlango. Gubuduu! Ukuta chini. Akaketi kwenye benchi la Kifaru, vumbi puani.

"Haya, soma!"

"Nasoma! 'Asiyefika kilo moja, mruke.' Upuuzi huu kaandika nani?"

"Mimi. Marekebisho yangu yanaufuta."

"Basi yawashe mwenyewe, tukuone!"

Nyati akabonyeza kwa ukwato. Ti! Hakuna kilichoharibika. Wakatazamana.

"Familia ya Kindi, zamu yenu!" kipaza sauti kikaita kisimani.

"Hivi," Nyati akauliza, "ulisema kweli nitalia?"

"Sijasema. Na wewe, ulisema sijui kusoma?"

"Hata siku moja!"

Wakageuka kumtafuta mpika chai. Alikuwa ameshafika kisimani, anawapanga wanawe wanne ukingoni, mdogo mbele, wanywe mpaka washibe.

Basi watoto, wanaofanya kazi bega kwa bega hawahitaji mwaka mzima kurekebisha mstari mmoja.