Wimbo wa Mawe Sita

Paukwa!

Pakawa.

Nani huyo anaitikia na usingizi? Semeni msikike. Paukwa!

Pakawa!

Hadithi njoo.

Njoo, uongo njoo, utamu kolea.

Leo haukolei. Leo imekuja na uchungu wake, na mimi sikuitia sukari. Anayetaka kucheka aende kwa jirani, wanacheka sana kule. Nyinyi mliobaki kunjueni miguu, maana hii haisikilizwi kwa masikio peke yake.

Hapo zamani za kale palikuwa na mto, na mtoni palikuwa na mawe sita ya kuvukia. Mawe madogo, kila moja linamtosha mmoja tu. Jiwe la kwanza zima. La pili zima. La tatu zima. La nne bovu: ukilikanyaga linapinduka, na chini yake ndipo alipolala Mamba. La tano zima, la sita zima, kisha ng'ambo.

Wakubwa walilijua jiwe hilo. Lakini mtoto utamfundishaje kuhesabu wakati maji yanamvumia miguuni na moyo unamdunda? Kazi hiyo ilikuwa ya Bibi Nungunungu. Alikuwa mzee, macho yameingia ukungu, lakini miiba ya mkia wake ilikuwa kayamba. Kila asubuhi alichora maduara sita mchangani, akawapanga watoto wa wanyama, akatikisa mkia, chaka-chaka, chaka-chaka, akaimba:

*Moja tua, mbili tua,*
*Tatu tua, nne ruka,*
*Tano tua, sita tua,*
*Mama yupo, anangoja.*

Watoto wakatua, wakaruka, wakaanguka, wakajaa vumbi hadi puani. Mtoto akikanyaga duara la nne, Bibi hakumchapa wala hakumcheka. Alimwambia arudi mwanzo. Akikosea tena, arudi mwanzo. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yao.

Basi palikuwa na Mama Digidigi. Mtoto wake wa kwanza alichukuliwa na tai. Wa pili alimezwa na chatu. Wa tatu alikuwa Tunu, binti, na baada ya Tunu hapakuwa na mwingine. Miguu ya Tunu ilikuwa myembamba kama njiti, ndiyo kwanza ameanza kwa Bibi, na kila alipojaribu kuliruka duara la nne, mama yake alifumba macho.

Siku moja akaja Kasuku. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Haya, mtaona wenyewe mwenyeji alivyopona. Kasuku alikuwa na mkia mwekundu na sauti safi, na ubaya moyoni hakuwa nao. Alipousikia wimbo akausifu sana, kisha akauliza vumbi lote lile la nini. Akasema watoto wenye adabu huketi. Akawaketisha kwa safu kivulini, miguu wameikunja, akawafundisha kuimba vizuri.

Siku ya kwanza waliimba, akina mama wakapiga vigelegele. Siku ya pili waliimba, akina mama wakafuta machozi ya furaha. Siku ya tatu wakaja wageni kutoka mbali kuwasikiliza, na sauti ya Tunu ikazipita zote. Mama Digidigi alivimba kichwa siku ile, msimlaumu. Mtoto wake anasifiwa, tena ameketi salama, miguu yote minne ikiwa mizima. Alikuwa na haja gani ya vumbi?

Aliyeshindwa kuketi alikuwa mmoja, Machepele, mtoto wa Ngiri. Kila wimbo ulipoanza, makalio yake yaliinuka yenyewe. Kasuku akamtimua mara ya kwanza, akamtimua mara ya pili, ya tatu akamwambia asirudi. Machepele akaenda kwa Bibi Nungunungu, kichwa chini, akamkuta yuko peke yake na maduara yake sita. Bibi alitikisa mkia tu, chaka-chaka, na yule mtoto akaanza kuruka.

Bibi Nungunungu alikwenda kwa Mama Digidigi mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa Tunu amelala. Mara ya pili aliambiwa Tunu amekwenda kuimba. Mara ya tatu aliketi mlangoni akakataa kuondoka.

"Binti yangu," akasema, "mguu hauna sikio. Mguu unajua kile tu ulichokifanya."

"Bibi, Tunu anaujua wimbo wote. Hakosei hata neno."

"Mdomo wake haukosei. Mimi nimeuliza habari za mguu."

Mama Digidigi akajibu: "Nimepoteza wawili. Akivunjika mguu kwenye michezo yako, utanipa mwingine?"

Bibi akainuka, akaenda zake polepole, na mimi sijui kama nami ningeinuka.

Kikaja kiangazi. Upande huu majani yakaisha, mizizi ikaisha, hata magome ya miti yakaisha. Ng'ambo bado palikuwa na kijani. Ikabidi wote wahame, wakubwa kwa wadogo. Akina mama wakatangulia kuvuka ili wawapokee watoto, kwa kuwa jiwe ni la mmoja na hakuna wa kumshika mwenziwe.

Wa kwanza alikuwa Machepele. Moja tua, mbili tua, tatu tua, na kwenye la nne yakainuka yale makalio yaliyofukuzwa, pu, yuko la tano. Akafika ng'ambo, wala hakuonekana kujua kwamba amefanya jambo kubwa.

Wa pili alikuwa mtoto wa Sungura. Alikuwa amecheza kwa Bibi miaka kadhaa kabla ya kuketishwa, ila siku zilikuwa zimepita. Moja, mbili, tatu. Kwenye la nne mguu ulishuka, ukaligusa jiwe, kisha ukakumbuka. Akaruka. Akafika ng'ambo. Lakini jiwe lilikuwa limetikisika, na chini ya maji Mamba alikuwa amefungua jicho.

Wa tatu alikuwa Tunu.

Mama yake alisimama ng'ambo, akamwambia aimbe tu, asiogope. Tunu akaimba. Jamani, aliimba. Wote waliokuwa ukingoni walinyamaza kumsikiliza, na mama akaimba pamoja naye. Moja tua, akatua. Mbili tua, akatua. Tatu tua, akatua. Akaimba, "Nne ruka," kwa sauti nzuri kabisa, hakukosea hata neno, na mguu wake ukashuka juu ya jiwe la nne.

Mama yake aliuona unashuka. Mdomo wake mwenyewe bado ulikuwa unasema ruka.

Jiwe likapinduka. Maji yakachafuka, kisha yakatulia, na mto ukaendelea kwenda kule unakokwenda siku zote.

Kasuku aliyaona yote akiwa juu ya tawi. Hakuna aliyempiga. Aliruka akaenda mbali, na wanaopita misitu hiyo wanasema bado analirudia neno moja, ruka, ruka, ruka, na hajui alifanyie nini.

Mama Digidigi alilia hata machozi yakamchimba. Mtazameni digidigi mkimwona: chini ya jicho ana doa jeusi, halijafutika. Majuto ni mjukuu, na yeye hakubakiwa na wa kumzalia mjukuu mwingine.

Siku ya saba alikwenda kwa Bibi Nungunungu. Bibi akachora maduara sita mchangani, akatikisa mkia, na yule mama, mtu mzima, akaingia kwenye vumbi. Watoto wa wengine wakaja wakajipanga nyuma yake. Tangu siku hiyo hucheza nao kila asubuhi. Akifika duara la nne, hufumba macho, huruka. Akifika la sita, husimama. Wimbo umekwisha, kayamba limenyamaza, watoto wamekwenda kunywa maji, naye bado amesimama, anangoja.

Mnaosikia, shikeni hili. Mtoto akifunzwa kwa mdomo peke yake, mdomo ndio utakaovuka. Mwacheni atue, mwacheni aruke, aanguke hapa penye mchanga, arudi mwanzo. Na sifa za wageni hazijawahi kumvusha mtu mto.

Hadithi yangu imefika ng'ambo, mimi nimebaki huku. Ikiwa ina utamu, gawaneni. Uchungu wake niachieni mimi, nimeuzoea. Sasa inukeni nyote, hata wewe uliyekuwa unasinzia. Moja tua.