Majivu ya Wabangua Korosho

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa na nyua na majiko kama sisi, korosho zilibanguliwa uani, kwa mawe na nyimbo. Sogeeni hapa. Nikiukumbuka moshi wa korosho zile, machozi hunilengalenga.

Basi, palikuwa na Bi Kindi, mdogo wa umbo, mwepesi wa maneno. Yeye na shoga yake Panya walikuwa wabanguaji. Nyani aliwasimamia, fimbo mkononi. Fisi alizinunua korosho kwa Nyani, akampelekea Tembo, mlaji mkubwa wa nchi ile.

Sasa, ganda la korosho lina mafuta makali, yakikugusa yanakuunguza. Siku za nyuma wabanguaji walijipaka majivu mikononi, wakafanya kazi huku wakicheka. Ah, siku zile! Mara majivu yakapigwa marufuku. Vidole vya Panya vikavimba, akashindwa hata kujifunga mbeleko ya mwanawe.

"Kesho usipobangua, usirudi tena," Nyani akamwambia.

Bi Kindi akapandwa na hasira. "Nani kakataza majivu?"

"Bwana Fisi. Mimi natumwa tu."

Akamwendea Fisi.

"Aka! Si mimi," Fisi akasema. "Mzee Tembo anataka korosho nyeupe pee, zisizo na vumbi la majivu. Tena Nyani kaniambia nyie wavivu, mnasingizia vidole."

Akamwendea Tembo.

"Mimi nakula tu, bibi," Tembo akasema. "Ya jikoni siyajui."

Bi Kindi akacheka kimoyomoyo. Kumbe kila mmoja anamsukumia mwenzake! Na huyu mzee, tangu azaliwe, hajaliona ganda.

"Shikamoo tena, Mzee. Umewahi kula korosho uliyoibangua mwenyewe? Hiyo ndiyo tamu! Kesho asubuhi karibu uani kwetu, uwaite na Fisi na Nyani."

Tembo akameza mate. "Nitakuja!"

Asubuhi wakaketi wote kwenye mkeka mmoja. Bi Kindi akamwekea kila mgeni jiwe na rundo la korosho.

"Mimi nimeshiba," Nyani akasema, akijikuna.

"Msimamizi gani hajui kubangua?" Fisi akamkaripia. "Kaa!"

Ta! Ta! Ta! Maganda yakapasuka. Mafuta yakaruka, chwaa!

"Uwiii! Mkonga wangu!" Tembo akalia.

"Vidole vyangu! Mama weee!" Fisi akaruka huku na huku.

"Majivu!" Nyani akapiga kelele. "Leteni majivu upesi!"

Tembo akamgeukia. "Ala! Kwa hiyo unajua kuwa majivu yanasaidia?"

Nyani akavipuliza vidole vyake.

Bi Kindi alikuwa amekalia kapu la majivu, katulia tuli. "Yapo tele, Mzee. Lakini yamekatazwa. Nani kayakataza?"

Nyani akamtazama Fisi. Fisi akamtazama Tembo. Tembo hakuwa na wa kumtazama.

"Mimi nilitaka nyeupe," akasema taratibu. "Sikuuliza zinapatikanaje."

"Nami sikuja kuona," Fisi akakiri.

"Nami niliona, nikanyamaza," Nyani akanong'ona.

"Basi tuzungumze," Bi Kindi akasema, bila kuinuka kapuni. "Panya, anza wewe."

Panya akainua mikono yake, akasema yote. Safari hii hakuna aliyemwita mvivu. Wakakubaliana: majivu kila asubuhi, aliyeungua apumzike na kazi yake imngoje, na kila msimu wa korosho wakubwa wote watatu waje kuketi uani na wabanguaji.

"Na zikija na vumbi la majivu?" Fisi akauliza.

"Nitazipuliza," Tembo akasema. "Huu mkonga ni wa nini?"

Hapo ndipo Bi Kindi alipoinuka, akafunua kapu. Wa kwanza kupakwa alikuwa Panya, wakubwa wakangoja zamu yao.

Nanyi, wajukuu zangu, shikeni hili: anayekula matunda ya kazi ya mwenzake, na akae naye amsikilize.